Mlango wa Dereva

Tekla mwanangu,

Sitakuambia uvae sweta. Mama yako ameshasema, na begi lako nimeliona pale sebuleni limefungwa kamba kama gunia la viazi linalokwenda Dar. Wala sitakuambia uwaheshimu wakubwa, huko unakokwenda watakufundisha heshima kwa filimbi. Umetoka kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, mama yako yuko jikoni na mandazi yako ya njiani, nami nimejifungia kwenye kibanda cha gereji, naandika kabla mwanga haujaisha. Wiki hii nimejaribu kukaa nawe niseme haya kwa mdomo. Kila nilipojaribu niliishia kukuuliza basi linaondoka saa ngapi.

Nimekasirika. Naanza na hilo ili usije ukahangaika kulitafuta katikati ya maneno. Nimekasirika kwamba uliomba kujiunga na jeshi bila kuniambia, ukamwambia mama yako kwanza, mimi nikaja kusikia mezani na tonge liko mkononi. Ulisema, "Baba, nataka kuwa dereva wa jeshi, kama Babu." Ulisema huku unatabasamu, ukidhani umenipa zawadi. Nikanawa mikono, nikatoka nje, nawe ukamwambia mama yako kwamba baba amekwenda kulia kwa furaha. Nilikwenda kusimama mbele ya lile lori. Niliinua turubai, nikalitazama, nikatamani nilichome moto pale pale uani.

Maana ni lori lile lililokufanya useme vile. Ulikulia juu yake. Ulijifunza kusoma saa kwa mishale ya dashibodi yake, na picha yako ya kipaimara ulipigwa umekaa kwenye bampa, umevaa gauni jeupe na kofia ya chuma niliyokuvika mimi mwenyewe. Wageni wakija hapa Lyamkena kuliona, wewe ndiye uliyekuwa unawazungusha: hapa wanakaa askari, hapa panawekwa risasi, hapa alikaa Babu. Ulieleza vizuri kuliko mimi. Nami nilisimama nyuma nimevimba kichwa, wala sikujua ninachokulisha.

Vitu vya jeshi nilianza kuviokota kabla hujazaliwa, unajua. Makambako ni njia panda, chuma chakavu cha kusini yote kinapita hapa, na vijana wa kwenye mizani za vyuma walikuwa wamenizoea. Wakiona kitu cha kijani wananipigia simu. Ndivyo nilivyopata zile chupa za maji, madebe ya petroli, simu ya kuzungusha kwa mkono, na ile redio ya kubeba mgongoni. Mama yako alikuwa anasema nyumba yake imegeuzwa ghala la vita vilivyokwisha zamani. Alikuwa anacheka wakati huo.

Watu waliniuliza kwa nini, nikawa nawaambia napenda mitambo. Uongo. Babu yako alikwenda vita vya Kagera, akarudi, akalima viazi Matembwe, akanyamaza. Mimi nilikua na baba anayejibu salamu, anayeuliza kama jembe lina mpini, basi. Siku za mvua alikuwa anakaa mlangoni anatazama barabara ya matope mpaka giza. Nilifikiri nikiokota vyuma vya kutosha, siku moja nitampelekea kimoja ambacho kitamfungua mdomo.

Nilimpelekea ile redio. Nilikuwa nimeipata imejaa kutu na udongo, na ndani ya sanduku la betri mlikuwa na kitambaa kimekunjwa, kimegandamana, kinanuka. Kitambaa nikakitupa motoni. Redio nikaifungua yote, nikabadilisha nyaya, nikaipiga rangi, ikawaka, ikatoa mlio. Babu yako aliipokea, akaigeuza, akafungua sanduku la betri, akachungulia ndani, akafunga. "Ni nzuri," akasema. Nilirudi Makambako ninaimba. Sikumuuliza alikuwa anachungulia nini. Baadaye sana ndipo alipoamua kuniambia kwamba wabeba redio walikuwa wanaficha humo vitu vyao, barua ya mke, rozari, tumbaku.

Ungefikiri kule kuchungulia tu kungenifundisha kitu.

Jumapili moja nimekwenda Matembwe, baada ya misa akanivuta kando ya uzio wa kanisa. Nilidhani anataka mbolea.

"Lori langu lipo," akasema.

"Lori gani, Baba?"

"Nililokuwa naendesha. Lipo upande wa Mufindi, kwenye kambi ya mbao. Kijana wa hapa alikwenda kupasua mbao akaliona. Kirungu cha gia ni cha mti, kimechongwa kama ngumi. Nilikichonga mimi."

Mwanangu, katika maisha yangu yote baba yangu hakuwahi kuniambia maneno mengi kiasi hicho kuhusu vita. Nikamuuliza anataka nikalilete? Akasema, "Kalilete. Lilete kama lilivyo. Nataka kukaa kidogo pale kwa dereva."

Kama lilivyo. Nilisikia. Nilifikiri ni ile tabia ya wazee wetu, mzee hataki kukusumbua, ukimuuliza kama anataka nyama anakuambia hata mboga inatosha, nawe unajua unatakiwa kuchinja. Hivyo ndivyo nilivyomsikia. Nikaamua nitamchinjia.

Nililikuta limezama kwenye matope hadi kwenye ekseli. Jeshi lililiuza kwenye mnada zamani, likabeba magogo mpaka injini ikafa, wakaliacha, na mti ulikuwa umeota ukatokea pale kwenye boneti. Tuliukata mti, tukalivuta mpaka Lyamkena. Nawe unakumbuka jinsi uani kulivyokuwa baada ya hapo. Injini chini, gia boksi kwenye magunia, mama yako anaanika nguo juu ya chesisi. Askari walikuja wakaniambia rangi ya jeshi siruhusiwi kupiga, nikachanganya ya kwangu, kijani cha majani ya chai. Vioo vipya, turubai jipya, viti nikavishona upya.

Na muda wote huo Babu yako alikuwa anapiga simu. "Lori limefika?" Nikawa namjibu, "Bado kidogo, Baba." Lilikuwa hapa hapa, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwake. Nilitaka alione likiwa limekamilika. Nilitaka uso wake ubadilike mara moja, mbele yangu, mbele ya watu. Akapunguza kupiga simu, nami nikaona nafuu, kwamba sasa siri itadumu.

Mlango wa dereva niliutengeneza mwishoni. Kwa ndani ulikuwa umekwaruzwa kwa msumari, toka chini ya dirisha mpaka kwenye kitasa, hakuna mahali pazima. Nilijua ni maandishi. Niliona kabisa kwamba ni majina. Nikajua ni wapakiaji wa magogo, vijana wanaosubiri mvua ikatike, kama wanavyochora kwenye viti vya mabasi na madawati ya shule. Nilichukia. Nikasema, watu gani hawana adabu, wanaandika upuuzi kwenye lori la baba yangu. Nikachukua grinda nikasaga mpaka chuma kikawa cheupe. Palipokuwa pameandikwa kwa kina nikajaza puti. Nikapiga msasa mkavu, msasa wa maji, rangi, rangi tena. Ule mlango ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono hii. Mafundi wa mjini walikuja kuupapasa.

Siku yenyewe unaikumbuka. Mama yako alipika wali, majirani wakajaa, nikakodi gari dogo kumleta Mzee kutoka Matembwe. Alishuka amevaa koti lake la kanisani. "Kamwene," akamsalimia mama yako, halafu akaliona. Ulikuwa umesimama pale mbele na kofia ya chuma imekushuka mpaka puani, ukampigia saluti. Alikushika kichwa. Aliitazama pua ya lori, akatazama magurudumu, akatikisa kichwa polepole, na mimi roho yangu ilikuwa mbinguni. Kisha akazunguka akafungua mlango wa dereva.

Aliupapasa kwa ndani kama mtu anayetafuta swichi gizani. Juu, chini, karibu na kitasa. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akainama. Watu walikuwa wanapiga makofi. Akasimama wima, akaurudishia mlango taratibu, akanigeukia.

"Limependeza," akasema. "Nirudishe nyumbani."

"Chakula bado, Baba. Na nilitaka nikurudishe nalo."

"Nirudishe na kile kigari."

Hakula. Hakupanda. Wewe uliniuliza usiku ule Babu amekasirikia nini, nikakujibu kwamba amechoka. Nikamlaumu moyoni, Tekla. Nilisema ni mzee asiye na shukrani, kwamba nimetoa jasho langu lote kwa mtu asiyejua hata kucheka. Tukakaa muda mrefu hatuzungumzi, ukoo mzima ukajua, kila mtu akawa na sababu yake ya kusimulia. Nikalala na hasira yangu nikaamka nayo, na ili nimkomoe nikaanza kulikodisha lori kwa maharusi. Bibi harusi anasimama nyuma na shela lake, wapambe wanarusha maua, mpiga picha anapiga. Lilitia fora. Njombe yote walilitaka.

Ni hospitalini Ikonda ndipo nilipojua. Kifua kilikuwa kimembana Babu yako, amelazwa, mama yako amekwenda kununua uji, tumebaki wawili. Alikuwa ameangalia dirishani. Akauliza bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ulipokuwa unasugua ule mlango, hukusoma?"

Ndipo akanieleza, kwa vipande, anakohoa, anapumzika, anaendelea. Kwenda mbele alikuwa anabeba chakula na risasi. Kurudi alikuwa anabeba majeruhi. Barabara mbaya, matope, mvua, mwendo wa kutambaa, na nyuma watu wanalia kila gurudumu linapoingia shimoni. Wengine walikuwa wanafia njiani. Akisimama kupoza injini alikuwa anakwenda nyuma anauliza, "Huyu anaitwa nani?" Wakimwambia, anarudi anaandika kwa msumari mlangoni, maana karatasi ilikuwa inaloa. Mara nyingine hata waliolala ubavuni mwa marehemu hawakujua jina, basi anaandika walichojua. Wa Tarime. Mrefu. Aliyekuwa anaimba.

"Nilijua nitakuja kusahau," akasema. "Nimesahau. Ndiyo maana nilikuwa nalitaka."

Unajua tunavyofanya mwezi wa kumi na moja, Siku ya Marehemu, kila familia inaandika majina ya marehemu wake na kuyapeleka kanisani yasomwe. Babu yako kila mwaka alikuwa anaandika wazazi wake, ndugu zake, halafu anakaa na ile kalamu. Nilimwona mwenyewe nikiwa mtoto, nikadhani hajui kuandika vizuri. Alitaka kukaa kwenye kiti cha dereva, anakili mlango ule, apeleke majina yao kanisani Matembwe, kwa vile hakujua kama yupo mwingine duniani anayewaandika. Hicho tu. Kazi ya nusu saa. Lori lingeweza kubaki na mti wake kwenye boneti.

Akaniuliza, "Unakumbuka lipi?"

Nilikaa kwenye lile benchi la hospitali nikafumba macho, nikajirudisha mpaka kwenye grinda, nikajaribu kusoma kabla ya cheche. Nikapata Athumani. Nikapata Petro wa Songea. Nikapata Mashaka, kwa sababu siku ile nilicheka, nikasema huyu naye kweli ni mashaka. Na nikapata wa Tarime. Manne. Akayarudia mdomoni mwake moja moja, akasema Athumani atanisamehe kumpeleka misani. Ndiyo mara pekee niliyomwona anatabasamu akizungumza habari za vita. Kisha akasema, "Walikuwa wengi, baba." Akageukia dirisha. Sikumsikia akiniambia amenisamehe, na sikuwa na uso wa kumwomba. Alifariki wiki ile ile.

Sasa nifike kwenye lile neno lako. Ukoo ulipotaka mwili wake uletwe kwa lori lake, nilikataa. Wajomba walipandisha sauti. Wewe ulikuwa umekua, ulisimama mbele ya watu wote ukiwa unalia, ukaniambia, "Baba unaogopa rangi isichunike." Nikakodi gari la watu, na mpaka leo Matembwe wanasema mimi nilipenda chuma kuliko baba yangu. Wakiniona kwenye misiba wananitazama hivyo. Wewe pia unanitazama hivyo mara nyingine, mama, unadhani sioni. Nilikataa kwa sababu lori lile ndilo lililobeba wenzake, nami ndiye niliyewafuta. Ningemlaza vipi humo, kando ya mlango wangu mzuri? Tangu siku ile halijabeba bibi harusi tena. Mliulizana kwa nini nimelifunika.

Sikukueleza kwa sababu ulikuwa unalipenda. Ulikuwa na furaha yako moja ya utotoni na sikuwa na moyo wa kuigusa. Ndivyo nilivyojiambia. Na kumbe kila siku niliyonyamaza wewe ulikuwa unazidi kukomaa juu ya ile bampa, unatazama kijani changu kinavyong'aa, unasema nataka kuwa kama Babu. Hukuwahi kuona lori la Babu. Ulichokipenda ni rangi yangu. Huo ndio uchungu unaonitafuna, kwamba nimemfuta yeye, halafu kwa brashi ile ile nikakupaka wewe macho.

Sitakuambia usiende. Ningeweza kupiga magoti, na nadhani ungebaki, halafu ungekaa hapa gereji ukinichukia kimyakimya kwa miaka mingi kama nilivyomchukia yeye. Umekwisha kuwa mtu mzima. Nenda. Lakini nenda ukijua, usije ukaniambia baadaye kwamba nilikusindikiza na saluti.

Watakupa gari. Wewe ni dereva mzuri, mimi ndiye niliyekufundisha na sijipendelei. Watakuambia lioshwe mpaka ling'ae, osha. Ila ukipewa gari kuukuu na ukaliona lina mikwaruzo, kaa nalo kwanza. Uliza. Na watu watakaokaa nyuma yako, hata kama mnakwenda tu kuchota maji, wajue majina. Mimi najua gari kwa sauti ya injini nikiwa nimefumba macho, na nilikaa na baba yangu maisha yote bila kujua alikuwa anasubiri nini mlangoni siku za mvua.

Mchana huu, ulipotoka, nilifunua turubai. Nilichukua msumari nikaandika yale manne mlangoni, kwa ndani, pale pale chini ya dirisha. Rangi imechunika vibaya. Maandishi yamekwenda upande, fundi yeyote akiyaona atasema ni ya watoto. Yapo peke yake pale juu na chini yake pamebaki patupu mpaka kwenye kitasa. Niliwaza watu wale wengine, ambao mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho duniani kuwasoma, nikawasoma kama upuuzi.

Ukifika kambini utafute kanisa lililo karibu. Mwezi wa kumi na moja peleka majina haya huko nami nitayapeleka huku: Athumani, Petro wa Songea, Mashaka, na wa Tarime ambaye jina lake silijui. Ongeza na la Babu yako.

Nasikia sauti yako getini, unacheka na wenzako. Kesho stendi nitakubebea begi, na huenda nitakuuliza tena basi linaondoka saa ngapi. Usinicheke. Msumari nimeuacha juu ya dashibodi, na mlango una nafasi kubwa, Tekla. Rudi, usinifanye niuokote msumari ule kwa jina lako.

Baba yako